Mifupa Yangu na Mwanamume Aliyebeba Majani

Kama umetoka hospitalini na bahasha ya picha kwapani, na umeambiwa kwamba mifupa yako imepungua nguvu, kaa kidogo nikusimulie yaliyonipata. Mimi si daktari. Nilifundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, na tangu hapo kazi yangu ni migomba, kahawa kidogo na ng'ombe mmoja wa maziwa, kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo, juu kidogo ya Himo. Nimevunjika mifupa mitatu bila kugongwa wala kusukumwa na mtu. Leo natembea, naimba kwaya na nagombana na majirani kama zamani, kwa hiyo naona nina haki ya kusema.

Huku kwetu ng'ombe hatoki bandani. Hukaa ndani kama mgonjwa wa heshima, na chakula humfuata. Anayemletea chakula ni mwanamke. Hushuka bondeni na mundu, akakata majani, akayafunga mzigo, akaweka ngata kichwani na kupanda nao mlima. Mwanamume anaweza kujenga banda, kumnunua ng'ombe, hata kumsifu mbele ya wageni, lakini mzigo wa majani kichwani ni wa mkewe. Nilimkuta mama mkwe wangu akifanya hivyo, nami nikafanya hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini. Sikuwahi kuuliza kwa nini.

Ilikuwa Julai, ule wakati ukungu hauondoki migombani mpaka saa nne. Niliinama, nikaushika mzigo, nikauinua kama siku zote. Kitu kikalia mgongoni, kavu, kama ukuni. Mzigo ulianguka upande wake, mimi nikabaki nimekumbatia mgomba, sipumui vizuri. Nilijiambia ni msuli. Nyumbani nilijipaka dawa ya kuchua, nikakandwa na maji ya moto, na baada ya siku nne nikarudi bondeni. Usinicheke. Najua na wewe una mambo yako uliyoyaita msuli.

Aliyegundua kwamba si msuli ni binti yetu Aikande, mwalimu kama mimi, anayeishi Moshi mjini na mume wake na watoto. Alikuja Jumapili moja, akanitazama nikitoka kanisani na wanakwaya wenzangu.

"Mama, mbona joho lako linafagia sakafu?"

"Limekuwa kubwa. Nadhani ni kufuliwa."

"Nguo ikifuliwa inapungua, Mama. Haiongezeki."

Mtoto niliyemfundisha mwenyewe hesabu alikuwa amenishinda. Tulipofika nyumbani alinisimamisha kwenye fremu ya mlango, pale tulipokuwa tukiwapima yeye na ndugu zake wakiwa wadogo, akaweka daftari juu ya kichwa changu. Chini ya alama yangu ya siku zile, nilikuwa nimepungua vidole vinne. Baba yake, Aminieli, alikuja kuangalia, akaangalia tena, kisha akatoka nje.

Hospitalini tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Wanaoumwa mgongo tunajua benchi ni nini: ukikaa linauma, ukisimama unapoteza nafasi. Karibu yangu alikaa mama mmoja wa Kahe, kule tambarare kwenye joto, aliyekuja na mumewe mwenye jiwe la figo. Alinitazama nikijipindapinda, akavua kanga yake ya juu, akaikunja mara nne na kuniwekea kiunoni. "Egemea hapo, dada. Mimi huku kwenu nasikia baridi, lakini wewe unaumwa." Alikaa akitetemeka mpaka jina langu likaitwa. Sikumwona tena, na kila nikikaa kwenye benchi la hospitali huwa namwombea.

Daktari wetu alikuwa binti wa rika la Aikande. Aliniamkia shikamoo kabla ya kushika faili, na hilo peke yake lilinipunguzia hofu nusu. Aliinua picha kwenye mwanga akanionyesha pingili mbili za uti wa mgongo zilizobonyea. Moja ilikuwa ya juzijuzi, nyingine ya zamani ambayo hata sikumbuki iliniuma lini. Akasema pingili zikibonyea kwa kuinua majani tu, mifupa yenyewe ndiyo imechoka. Akaniandikia kidonge cha mara moja kwa wiki. Nimeze asubuhi kabla ya kula chochote, kwa glasi nzima ya maji matupu, kisha nisilale wala nisile kwa nusu saa. Dirishani pa dawa dada mmoja akaongeza, "Na maziwa, mama, na dagaa. Mifupa inataka maziwa." Akaniambia pia nisibebe tena mzigo kichwani.

Sasa sikiliza kosa langu, maana ndilo hasa lililonifanya niandike. Mimi ni mfugaji. Nyumbani kwangu hakuna dawa kali inayoingia tumboni bila maziwa ya moto, isije ikachoma. Hivyo ndivyo mama yangu alivyotunywesha dawa, na hivyo ndivyo nilivyowanywesha wanangu. Na hapa nimeambiwa kwa mdomo wa hospitali kwamba mifupa inataka maziwa! Nikayaunganisha mambo mawili yakawa moja. Kila Jumamosi asubuhi Aminieli alikamua, akachemsha, akaniletea kikombe kitandani pamoja na kidonge, akasimama pale mpaka nimeze. Alikuwa hakosei. Kwa karibu mwaka mzima nilimeza dawa ya mifupa kwa maziwa, nikijiona mgonjwa hodari kuliko wote wa Kilimanjaro.

Mimi, niliyewaambia watoto wa watu kwa miaka na miaka wasome swali mara mbili kabla ya kujibu.

Mambo ya majani nayo yalitaka jibu. Wiki ya kwanza jirani yetu Mama Ndelilio alituletea mizigo miwili, lakini naye ana ng'ombe wake na magoti yake. Wiki ya pili Aminieli alichukua mundu wangu ukutani akashuka bondeni. Alirudi na majani begani, nusu yameshamwagika njiani. Siku iliyofuata aliyafunga mgongoni kwa kamba, yakamvuta nyuma mpaka akakaa chini. Siku ya tatu alikuja jikoni, akasimama mlangoni.

"Mama Aikande, ngata inasukwaje?"

Nilidhani anatania. Mzee wa miaka sitini na tisa, mzee wa kanisa! Nilimfundisha kwa majani makavu ya mgomba, akasuka moja imepinda kama sahani iliyokanyagwa, akaiweka kichwani akaenda. Ili kurudi kutoka bondeni lazima upite mbele ya kilabu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, na saa hiyo wenzake wa rika walikuwa wamekaa nje na vibuyu vyao. Nilikuwa nimejikongoja mpaka kwenye ua wa masale kumwangalia, kwa hiyo nilisikia kwa masikio yangu.

"Mangi!" mmoja alipaza sauti, akimwita kwa cheo cha machifu wetu. "Umeolewa lini? Mbona hukutualika?"

Kilabu kizima kikacheka. Aminieli alisimama. Hakuushusha mzigo. Unapaswa kujua kwamba mume wangu alikuwa kiongozi wa watalii mlimani, lakini kabla ya hapo alikuwa mpagazi kama wote wanavyoanza.

"Nimebeba masanduku ya Wazungu kwa kichwa hiki hiki mpaka karibu na barafu," alisema. "Kuna vyoo vyao vya kukunja nimevibeba. Hapo hamkucheka, mlikuja kunywa kwangu nikishuka. Leo nambebea mke wangu majani, ndiyo mnaona aibu?"

Akaendelea kupanda. Sikumwambia kwamba nilimsikia. Nilirudi jikoni nikalia, na niseme wazi kwamba hayakuwa machozi ya maumivu. Nilikuwa nimeishi na mtu huyu miaka arobaini na kitu nikidhani namjua.

Masika yaliyofuata nilivunjika kifundo cha mkono. Nilikuwa nimechuchumaa kando ya hori, nikaweka kiganja ili ninyanyuke, kifundo kikaachia. Walinifunga hogo la plasta mpaka karibu na kiwiko, na Aikande hakusubiri hata likauke.

"Mama, inatosha. Ng'ombe auzwe, wewe na Baba mje kwangu. Chumba kipo."

"Na kihamba?"

"Kihamba hakina miguu, hakitakwenda popote. Wewe ndiye unayevunjika. Leo ni mkono. Kesho ikiwa nyonga, kwenye huu mteremko, na matope haya, nani atakubeba mpaka barabarani?"

Nilimkasirikia kwa sababu alisema kweli. Njia ya kwetu mvua ikinyesha hata mbuzi anafikiria mara mbili. Lakini nilijua pia kuhama maana yake nini. Nimeona wenzangu waliohamishiwa mjini kwa watoto wao. Wanapewa kiti kizuri mbele ya televisheni, wanaambiwa wasiguse sufuria, na baada ya mwaka hawajui tena kama ni msimu wa mahindi au wa maharage. Sikutaka kuwa mgeni mpaka nife. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwishoni baba yake akasema twende kwanza kwa daktari, tumsikie, na ikiwa dawa imeshindwa basi tutahama. Aliyasema hayo akitazama migomba.

Daktari alipitia faili, akakunja uso.

"Mama, vidonge umemeza vyote?"

"Vyote. Sijaruka hata Jumamosi moja."

"Unamezaje?"

Nikamweleza kwa fahari, mpaka kikombe nikakitaja. Aliweka kalamu mezani taratibu. Akatueleza kwamba maziwa hukishika kidonge kile tumboni, kisiingie mwilini. Karibu mwaka mzima ulikuwa umepita nami ni kama sikumeza kitu.

Nilitamani sakafu inimeze. Lakini aliyeniumiza ni Aminieli. Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Daktari, maziwa niliyaleta mimi. Kila Jumamosi. Mkono wake nimeuvunja mimi."

"Hapana, Baba," daktari alisema, na sitasahau upole wa yule binti. "Kosa ni letu pia. Tulimwambia kwa maneno, hatukumuuliza atafanyaje nyumbani. Mwaka mmoja hauwezi kunishinda. Tupange upya."

Alitupangia njia tatu, na sasa alitutaka tumrudishie kila moja kwa maneno yetu, kama mwalimu. Ya kwanza ni kile kidonge, kwa maji matupu safari hii. Lakini mgongo wangu ulishapinda na kiungulia kilikuwa kimeanza kunisumbua, na kidonge kile hakitaki mtu wa kiungulia. Ya pili ni sindano ya chini ya ngozi kila miezi sita. Ni nzuri sana, alisema, ila haina msamaha: ukichelewa au ukiiacha bila kuwekewa dawa nyingine, pingili zinaweza kuvunjika moja baada ya nyingine. Ya tatu ni dripu ya mara moja kwa mwaka, na huwa inaleta homa ya siku mbili tatu, hasa ile ya kwanza. Kabla yake lazima wapime figo na damu, na meno yaangaliwe, kwa sababu kung'oa jino baada ya dawa hiyo kunaweza kuleta shida ya taya.

Aikande alitaka sindano. Kwake mjini hospitali ni karibu, angenipeleka mwenyewe kila baada ya miezi sita. Nikamwona anavyohesabu: sindano, chumba, mimi nimekaa salama. Alikuwa ananipenda, na nilikuwa na hasira naye, vyote kwa pamoja. Akamgeukia baba yake amuunge mkono.

"Mgongo ni wa mama yako," Aminieli alisema. "Atachagua mwenyewe. Mimi nitabeba kitakachobebwa."

Nilichagua dripu. Nilifikiria barabara yetu mwezi wa Aprili, nikafikiria dawa inavyoweza kukosekana siku unayoihitaji, nikaona dawa isiyotaka kuchelewa haifai mtu wa mlimani. Wewe unaweza kuwa na sababu nyingine na ukachagua tofauti. Ninachokuomba ni kimoja: mrudishie daktari maelezo kwa mdomo wako mwenyewe kabla hujatoka chumbani, hata akiwa na haraka.

Jino langu la nyuma lilikuwa bovu tangu zamani, likang'olewa, tukasubiri fizi ipone. Nikapewa vidonge vya kuongeza madini ya chokaa na vitamini ya jua, kwa sababu damu ilionyesha nimepungukiwa, mimi ninayeshinda shambani! Lakini ukungu wetu tunaujua wenyewe, na sisi akina mama huku hujifunika mpaka masikio. Mwezi wa tisa nikawekewa dripu ya kwanza. Ilichukua muda mfupi kuliko ibada ya asubuhi. Siku ya pili homa ikaja, mifupa yote ikauma kama nimepigwa. Aminieli alinipikia mtori, wa kwanza maishani mwake. Ndizi zilikuwa nusu mbichi na chumvi ilizidi. Nilimaliza bakuli.

Baada ya hapo ikaja kazi ya mazoezi. Mtaalamu wa viungo, kijana mmoja mcheshi, alinifundisha kusimama nimegusa ukuta kwa visigino, makalio na mabega, kuinuka kitini bila mikono, kupanda kwa vidole vya miguu na kushuka polepole, na kuinama kwa nyonga badala ya mgongo. Akanifundisha pia kuamka nikianguka. "Usikimbilie kunyanyuka, mama. Lala ubavu, kunja magoti, tafuta cha kushika." Aminieli alifanya mazoezi yote pamoja nami barazani, wawili tumegandana na ukuta kama watoto waliofanya kosa. Mama Ndelilio alipita akasema, "Mae! Mwalimu amewaadhibu kwa nini?" Wiki mbili baadaye naye alikuwa ukutani, na binamu yake pia.

Kitu kingine kilibadilika ambacho hakikuandikwa na daktari. Asubuhi moja wakati wa kahawa kuiva nilimwona mzee mwingine akipita na majani kichwani. Alikuwa yule yule aliyeuliza kuhusu harusi. Mkewe alikuwa ameanza kuumwa kiuno. Aliniamkia kwa haraka akitazama mbele, nami nikamjibu kwa heshima zote, kwa sababu najua uzito wa ule mzigo, na najua wake ulikuwa na uzito mwingine juu.

Dripu ya pili haikunipa homa. Ya tatu nikaenda nayo kama mtu anayekwenda sokoni. Picha hazikuonyesha mvunjiko mpya, na daktari akasema sasa tuipumzishe dawa kidogo huku tukiangalia. Urefu wangu haukurudi, usidanganywe na mtu. Mgongo umepinda kidogo na joho langu limepindwa chini. Lakini Aikande hakuwa ametulia. Picha ni karatasi, alisema, matope ni matope. Aprili hii alikuja na gari la mumewe, na buti lilikuwa tupu. Nilielewa buti tupu lilikuwa la nini.

Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Nilitoka kumpokea, kwa sababu mama hutoka kumpokea mtoto wake, na pale mteremko unapoanza, mguu ukaniponyoka. Nilianguka kwa ubavu mzima. Nyonga ilitangulia. Nilisikia kishindo changu mwenyewe, kisha nikamsikia Aikande akipiga kelele.

Alikuja akikimbia, akanishika kwapani kuninyanyua.

"Mwache!" Aminieli alisema. Sikuwahi kumsikia akitumia sauti hiyo nyumbani. Nadhani ni ya mlimani. Alipiga magoti kwenye matope karibu na kichwa changu. "Mama Aikande, usiamke. Sogeza vidole vya mguu."

Nikasogeza.

"Kunja goti. Polepole. Sasa la pili. Unaumwa wapi?"

Nilisubiri maumivu. Niliyatafuta mwili mzima, kuanzia kwenye nyonga, nikapanda pingili moja moja, nikafika kwenye kifundo. Nilikuwa nimechubuka kiwiko, na paja lilikuwa linawaka. Basi.

"Nimelowa," nikasema.

Aminieli alikaa chini kwenye matope, akafunika uso kwa mikono, mabega yakatikisika. Nilimwacha kidogo. Kisha nikalala ubavu, nikakunja magoti, nikashika shina la kahawa, nikasimama mwenyewe. Hakuna aliyenigusa.

Aikande alisimama pale na gauni lake la mjini limejaa matope yangu, analia bila kujificha. Alinitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani. Akatazama mteremko, akatazama gari, akajifuta pua kwa kiganja.

"Baba," alisema, "hapa panahitaji ngazi za mawe. Na chuma cha kushikia, kuanzia mlangoni mpaka bandani. Jumamosi nitaleta fundi."